Umri wa Dawa na Umri wa Nyumba

Anayejenga Mtawanya leo, sawa na anayejenga Kibiti mjini au Bungu, hufika siku ambayo msingi umejaa kifusi, kifusi kimeshindiliwa, na fundi anataka kumwaga jamvi. Hapo ndipo linapokuja swali la dawa ya mchwa. Likikubaliwa, kijana hubeba bomba la mgongoni, dawa hukorogwa ndooni mpaka maji yageuke meupe, na udongo hunyweshwa kiasi cha lita tano kwa kila mita moja ya mraba. Pembezoni mwa msingi huchimbwa mfereji mwembamba, nao hunyweshwa. Nailoni hutandikwa, zege humwagwa. Kazi yote ni ya saa chache, na tangu hapo hakuna jicho litakalouona tena ule udongo mpaka nyumba ibomolewe. Kwa kawaida jambo hili huhesabiwa kama la fedha tu: gharama ndogo ya dawa dhidi ya gharama kubwa ya kenchi, fremu na milango. Mimi naliona ni jambo la dini na maadili pia, na uzito wake hauko pale wengi wanapoutafuta. Hauko katika kuua mchwa, wala hauko katika neno sumu lenyewe. Uko katika muda. Mwenye nyumba ana haki ya kujikinga kwa kadiri haja yake ilivyo na kwa muda ambao haja hiyo ipo. Dawa inayoendelea kuua baada ya haja kwisha ni madhara yasiyo na udhuru, hata kama aliyeyaweka alikuwa na nia njema na amekwisha kuzikwa.

Tuanze na mchwa mwenyewe, kwa kuwa wapo wanaodhani mjadala unakwisha hapo. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, nabii mmoja wa zamani aliumwa na sisimizi, akaamuru kiota kizima kichomwe moto. Akalaumiwa kwa wahyi, kwamba angeishia kwa yule mmoja aliyemuuma. Hadithi nyingine, iliyomo katika mkusanyo wa Abu Daudi, inamtaja sisimizi pamoja na nyuki, hudihudi na ndege mwingine mmoja kuwa viumbe waliokatazwa kuuawa. Mchwa si sisimizi. Wataalamu wa wadudu humweka karibu na mende kuliko na siafu. Hata hivyo kanuni iliyomo ndani ya kisa cha nabii yule haitegemei aina ya mdudu. Hakulaumiwa kwa kumuua aliyemdhuru. Alilaumiwa kwa kuvuka mpaka wa yule aliyemdhuru. Wanazuoni wa fiqhi wameruhusu kumwondoa mdudu mwenye madhara, na sioni sababu ya kumlinda mchwa aliyekwisha kupanda kwenye kenchi. Lakini mchwa wa kwenye kichuguu kilicho shambani, anayegeuza majani makavu na miti iliyokufa kuwa rutuba, anayetupatia kumbikumbi wa kukaanga na uyoga wa msimu wa mvua, hajavunja mlango wa mtu. Dawa iliyomwagwa kwenye udongo haiwezi kumtenga huyu na yule. Huo ni upungufu wa kwanza, na si mkubwa kuliko yote.

Inafaa kuangalia kwa karibu jinsi mdudu huyu anavyofanya kazi, maana maadili ya kinga yanategemea anapitia wapi. Mchwa wa ardhini hawezi kukaa juani. Mwili wake hukauka upesi. Anapotaka kupanda ukuta hujenga kwanza njia ya udongo, mstari wa kahawia usiozidi sana unene wa kalamu, alioufinyanga kwa mate na chembe za mchanga, na ndani ya njia hiyo husafiri akiwa gizani na kwenye unyevu. Ukiukwangua leo, kesho asubuhi utakuta kipande kimekwisha kurudishwa, udongo wake bado mbichi. Kwa hiyo kila shambulio linaacha alama inayoonekana, isipokuwa pale njia inapopita ndani: kwenye ufa wa jamvi, kando ya bomba la maji linalotoboa sakafu, ndani ya tundu la tofali. Nyumba za zamani za miti na udongo hazikuwa na mahali pa siri namna hiyo. Nguzo iliyoliwa ilionekana, ikang'olewa, ikawekwa nyingine. Wakulima wa bonde la Rufiji walijua pia kuinua kabisa makazi yao juu ya nguzo, yale madungu yaliyowaweka juu ya mafuriko na juu ya nguruwe, mpaka Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ilipowahamishia watu wengi kwenye miinuko. Udumu wa nyumba zile ulikuwa katika kukarabatiwa. Nyumba ya tofali na bati inataka kudumu bila kuguswa, na dawa ya kwenye msingi ni sehemu ya matakwa hayo.

Matakwa ya kudumu bila kuguswa yana historia yake ya kemikali. Kuanzia miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, dunia ilipata dawa ambazo wajenzi walikuwa wakiziota: aldrini, dieldrini, klodeni, heptakloro. Sifa yao kubwa ilikuwa kutokufa. Kwenye viwanja vya majaribio vya idara ya misitu ya Marekani huko Gulfport, Mississippi, udongo uliotiwa dawa hizo uliendelea kuwazuia mchwa kwa zaidi ya miaka 20, na matangazo yalilisema hilo kwa fahari. Kisha sifa ileile ikawa ndiyo shitaka. Dawa isiyooza ardhini haiozi pia ndani ya mafuta ya samaki, ya ng'ombe, wala ndani ya maziwa ya mama. Marekani ilisimamisha uuzaji wa klodeni kwa kinga ya nyumba mwaka 1988, lakini kwa miaka mingi baadaye vipimo viliendelea kuikuta kwenye hewa ya vyumba vilivyojengwa juu ya udongo ule. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2004 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka huohuo, uliziweka zote nne katika orodha yake ya kwanza ya kemikali 12. Angalia kilichotokea hapo: mauzo yanaweza kupigwa marufuku kwa siku moja, lakini udongo uliokwisha kunyweshwa hausikii tangazo la serikali.

Mkoa wetu wa Pwani hauhitaji mfano wa Mississippi. Mwaka 1986 shamba la Vikuge, Kibaha, lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, kiasi cha tani 170, sehemu yake ikiwa imekwisha muda wake wa matumizi. Viliwekwa kwenye banda, banda likachakaa na kuanguka, na mvua za miaka zikafanya kazi yake. Wachunguzi waliokuja baadaye walikuta DDT na jamaa zake kwa wingi kwenye udongo wa pale, na mabaki yakaonekana mpaka kwenye vyanzo vya maji vya jirani. Hazikuwa dawa za msingi wa nyumba, na sisemi kwamba kiwanja cha Mtawanya ni Vikuge. Nasema kwamba Vikuge inaonyesha tabia ya udongo wetu ukiachiwa kitu kisichokufa. Waliopokea shehena ile walistaafu, wengine walifariki, sababu ya kuipokea ikasahaulika, na kitu chenyewe kikabaki kazini.

Hapa ndipo kisa cha Nabii Suleimani, katika Sura ya Sabaa, kinaponifaa zaidi kuliko mahubiri mengi kuhusu mazingira. Suleimani alifariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini waliokuwa wakimtumikia wakaendelea kuchapa kazi ngumu, wakidhani bwana wao angali anawatazama, mpaka mnyama wa ardhi, ambaye wafasiri wengi wamemfahamu kuwa mchwa, alipoila ile fimbo na mwili ukaanguka. Husomwa kwa kawaida kama hoja kwamba majini hawajui ya ghaibu, na ndivyo aya inavyosema. Lakini kuna jambo jingine humo: amri ya mtu aliyekufa iliendelea kutekelezwa kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuikatiza. Dieldrini chini ya jamvi la nyumba iliyokwisha kubomolewa iko katika hali ya majini wale, tena mbaya zaidi, maana mchwa ambaye angeikatiza ndiye anayeuawa nayo.

Fiqhi imelifikiria jambo hili kwa lugha iliyo kavu na sahihi. Majalla, ule mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya uliokamilika mwaka 1876, umeanza kwa kanuni fupifupi zilizokusanywa kutoka kwa wanazuoni wa karne nyingi. Mojawapo inasema madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo sawa nayo. Nyingine inasema dharura hupimwa kwa kiasi chake. Ya tatu, ambayo naiona ndiyo kiini cha suala letu, inasema lililoruhusiwa kwa ajili ya udhuru hubatilika udhuru unapoondoka. Mgonjwa anayeruhusiwa kutofunga hurudi kwenye saumu akipona. Ruhusa yake ina mwisho kwa sababu anaweza kuikomesha. Mwenye nyumba anayemwaga dawa ya miaka 40 kulinda kenchi zitakazobadilishwa baada ya miaka 20 amejipa ruhusa asiyoweza kuikomesha. Udhuru wake utaondoka, kitendo chake hakitaondoka. Mwanafalsafa Hans Jonas, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wajibu, alilalamika kwamba maadili ya kale yalimtazama jirani wa hapa na sasa tu, ilhali mikono ya binadamu wa leo inawafikia wasiozaliwa. Naona lawama hiyo inawafaa wanafalsafa wa Ulaya kuliko waliotunga kanuni ile ya tatu, ambao walikuwa wamekwisha kuiona saa ndani ya kila ruhusa.

Mwenye duka la pembejeo atajibu kwamba napigana na maiti: dawa hizo hazipo tena, za siku hizi hushikamana na udongo, hazisafiri, na huisha nguvu baada ya miaka mitano mpaka kumi. Jibu hili lina ukweli mwingi, na ninalipokea, kwa sababu linakubaliana na kipimo changu. Dawa inayoisha ni bora kuliko isiyoisha. Ajabu ni kwamba sokoni sifa hiyo huonekana aibu: mteja anataka dhamana ndefu zaidi, na muuzaji anamfurahisha kwa kumwongezea kipimo au kumtajia miaka isiyokuwemo kwenye lebo. Lakini maneno kwamba dawa haisafiri yana masharti. Dawa hushikwa na mboji na udongo wa mfinyanzi. Udongo wa kichanga wa ukanda wetu wa pwani una vyote viwili kidogo. Kisima kifupi mara nyingi kiko kwenye kiwanja hichohicho, hatua chache kutoka kwenye msingi. Mafuriko nayo hayasomi lebo. Yale ya Aprili 2024 yaliwakuta watu wa Rufiji na Kibiti ndani ya nyumba zao. Na dawa za viwandani za jamii ya pareto, ambazo kwa binadamu ni nafuu, ni kali mno kwa samaki na kamba. Kwa wilaya ambayo delta yake ni malezi ya kamba, kuosha bomba la dawa kwenye mkondo wa maji ni kosa kubwa kuliko msingi mzima uliopigwa dawa kwa uangalifu. Isitoshe, hukumu juu ya dawa mpya bado inaandikwa: klopirifosi, iliyouzwa kwa miaka mingi kama badala salama ya zile za zamani, mwaka 2025 nayo iliingizwa kwenye orodha ya Stockholm, pamoja na misamaha kadhaa.

Hoja ya maji inanigusa zaidi kuliko zote. Kuna Hadithi inayowafanya watu kuwa washirika katika vitu vitatu, maji, malisho na moto. Hati ya kiwanja inampa mtu mipaka minne juu ya ardhi. Haimpi mpaka wa chini. Maji anayoyavuta jirani yalipita chini ya kifusi chako. Mtu anaweza kuridhia hatari ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hawezi kumridhia jirani, na mtoto wa mpangaji atakayekuja miaka 15 baadaye hayupo wa kuulizwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maskini. Mtu wa Mtawanya aliyeuza korosho misimu sita ili aezeke hana bima, hana mkopo, hana nyumba ya pili. Mchwa wakila kenchi zake amerudi sifuri. Ni nani wa kumhubiria kuhusu vizazi vijavyo? Pingamizi hili lingeniangusha kama ningekuwa nataka akae bila kinga. Sitaki hivyo. Ukiangalia nyumba zinavyoliwa, sehemu kubwa ya kinga iko kwenye ujenzi wenyewe na haigharimu kitu: kuokota kila kipande cha mbao, kisiki na karatasi ya saruji kabla ya kushindilia kifusi, maana hicho ndicho chakula kinachowaita, kuacha msingi uonekane angalau shubiri moja juu ya ardhi, bila kuuzika kwa mchanga wala kuuegemeza kuni, kusimamisha nguzo ya baraza juu ya zege na kofia ya bati, isiguse udongo, kuziba kwa zege nyufa zinazozunguka mabomba, kuelekeza maji ya paa mbali na ukuta, na kuzunguka nyumba mara moja kwa wiki kutafuta ile njia ya kahawia. Maskini ndiye aliye nyumbani wa kuzunguka. Dawa iliyofichwa chini ya jamvi humpa utulivu, naye huacha kutazama, na mchwa hupita pale ambapo bomba la dawa halikufika. Njia mbadala nyingine sizisifii ovyo. Oili chafu inayopakwa kwenye nguzo ni uchafu wenye sumu zake, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Mwarobaini huoza upesi mno kukinga msingi.

Wako watakaosema turudi kwenye boriti. Ni kweli kwamba mkoko, mkandaa na msinzi hustahimili mchwa kuliko miti mingi, na kwamba kwa karne nyingi majahazi yalizichukua boriti za delta ya Rufiji mpaka Unguja, Hadhramaut na Oman, hata upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu ukafuata urefu wa boriti. Lakini delta ile, yenye takriban hekta 50,000 za mikoko, haiwezi kuezeka kila nyumba ya mkoa unaokua kasi kama Pwani. Kuikata mikoko ili kuuepusha udongo na dawa ni kuondoa madhara kwa madhara yaliyo sawa nayo, na kanuni imekwisha kulikataa hilo.

Pingamizi la mwisho linatoka upande wa wacha Mungu: kwamba kuhangaikia kenchi ni kuipenda dunia kupita kiasi, kwamba kila kilichojengwa kitaliwa. Husuni Kubwa ya Kilwa, kusini yetu kidogo, ina kuta za matumbawe za karne ya 14 zilizosimama na dari zilizokwisha zamani. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Ash-Shuaraa, inawakemea watu wa Aad waliojenga kama kwamba wataishi milele. Sioni kwamba kemeo hilo linamgusa anayepaka saruji kwenye ufa. Mtume alimwambia Bedui amfunge ngamia wake, kisha ategemee. Linamgusa anayetaka nyumba isiyodai chochote kwake tena, iliyolindwa milele kwa gharama ya mwingine. Kufunga ngamia ni kazi ya kila siku.

Basi dawa ya udongo si haramu kwa hoja hii. Shule, zahanati, ghala la korosho, nyumba iliyo kando ya vichuguu vikubwa na ambayo ujenzi mzuri pekee hautoshi: hizo zina udhuru. Masharti yanafuata udhuru huo. Dawa iwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kipimo kiwe cha kwenye lebo, kisima kiwe mbali, mvua isiwe inanukia, na kati ya dawa mbili zinazotosha ichukuliwe inayokufa mapema. Kwa mwenye nyumba sharti hili la mwisho litakuwa gumu kuliko yote, kwa kuwa linamtaka alipe tena baadaye.

Liko sharti jingine ambalo sijaona likitajwa, na ni rahisi kulitimiza. Kiwanja kinapouzwa, karatasi ya mauziano huandikwa mbele ya viongozi wa kijiji na mashahidi: mipaka, minazi mingapi, mikorosho mingapi, kisima kama kipo. Dawa iliyo chini ya jamvi haiandikwi popote. Muuzaji huitaja kwa mdomo kama sifa, iwapo ataikumbuka. Mrithi haijui kabisa. Mtume alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu chini, alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Jina la dawa, kiasi chake na mwezi iliyopigwa ni mstari mmoja wa wino. Mnunuzi anayekusudia kuchimba kisima atauhitaji ili ajue asichimbe wapi, na anayekusudia kubomoa na kujenga upya atauhitaji ili asimwage juu ya kile ambacho bado kinafanya kazi.